Mama Unene na Waya wa Akiba

Wifi yangu ni mwembamba kama ufito, na mji mzima unamwita Mama Unene. Mgeni akilisikia jina kwanza halafu akamwona mwenyewe, hucheka mpaka akaomba radhi. Jina si la mwili wake, ni la swali lake. Ukimpelekea kazi ya umeme, iwe ya ghala, ya kinu au ya jengo la ofisi, hakuulizi unaitaka lini. Anauliza, "Kebo unene gani?" Na ukimtajia, anakunja uso kana kwamba umemtukania mzazi.

Ni mke wa kaka yangu, na sisi mawifi tunataniana, kwa hiyo nitamsema nipendavyo. Kubwa ni kwamba ni mwoga. Nyoka haogopi, wezi haogopi, hata mama yetu hakumwogopa, na mama yetu wengi wamemkimbia. Anachoogopa ni kuta.

Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani na kunikataza nisiropoke. Msichana akaingia, akaamkia kwa adabu, akasifu nyumba. Halafu, badala ya kuketi, akausogelea ukuta penye soketi ya jokofu na kuuwekea nyuma ya mkono wake, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mwanangu, umepoteza kitu hapo?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Ukuta una moto."

Kaka, kwa mahaba, akakimbia kuzima umeme wa nyumba nzima. Birika likanyamaza kabla maji hayajachemka. Mchumba akatoa bisibisi kwenye mkoba, ule mkoba mzuri wa kuendea ukweni, akaifungua soketi. Ndani safi, hakuna hata doa. Mama akamtazama akihangaika, kisha akamshika mkono, akamtoa nje na kumwonyesha ukuta ule kwa upande wa pili. Jua la alasiri lilikuwa linaupiga sawasawa.

"Ni jua tu, mwanangu," mama akamwambia.

Tangu hapo maneno hayo yakawa mali ya ukoo. Mtoto akilia ovyo, ni jua tu. Kaka akilalamika kiuno, ni jua tu. Na wifi akigusa ukuta wa zahanati au wa benki, na hugusa kila aendako, nami nilikuwa namnong'oneza, "Ni jua tu, wifi." Alikuwa anacheka, lakini mkono hauondoi mpaka aridhike. Hugusa kwa nyuma ya mkono kwa sababu umeme hukunja vidole. Ukigusa kwa kiganja utajikuta umeshika, na ukishika huachii. Ukigusa kwa nyuma, mkono hujitoa wenyewe. Hayo alinifundisha yeye, nami nikamjibu kwamba mtu mwenye akili hagusi kabisa.

Nimemwona akichagua kebo za jengo kubwa pale kwenye meza yao ya jikoni, na sitamani kazi ile. Mimi nilidhani ni kama kuchagua kamba: mzigo mkubwa, kamba nene, basi. Akanieleza huku mchuzi unaungua. Kwanza unahesabu mzigo, mashine zote zikiwashwa pamoja. Halafu unapima safari, kwa sababu umeme nao huchoka njiani. Kebo ikiwa ndefu na nyembamba, unaondoka kule na nguvu zake na kufika huku umelegea, mota zinanung'unika na taa zinafifia. Halafu unaangalia majirani.

"Majirani gani?"

"Kebo ikifanya kazi hupata joto, wifi. Joto lazima litoke. Ikiwa peke yake hewani, inapumua. Ukizilaza nyingi kwenye mfereji mmoja, kila moja inamtupia mwenzake joto lake."

"Kama watoto kitanda kimoja."

"Kama watoto wenye homa kitanda kimoja. Sasa hapo ama unazipunguzia mzigo, ama unaziongezea unene."

Akishamaliza hesabu hupanda ngazi moja juu, akachagua nene zaidi. Akishachagua, huanza kutilia shaka. Kaka anasema mkewe akisimamisha kijiko hewani, ujue kuna kebo fulani mjini imemjia kichwani. Mara ngapi ameacha wali wake akaenda kugusa ukuta wa mtu? Na mara zote ikawa salama, akarudi akala wali wa baridi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi sehemu ya kicheko niliichukua yote.

Uoga wake ni wa kuzaliwa, ila ufundi alifunzwa na Mzee Koleo. Huyo ndiye aliyeweka umeme karibu kila jengo la maana katika mji huu, enzi ambazo kebo ilikuwa adimu kuliko sukari. Ukiagiza roli moja unasubiri mpaka mteja anakusahau. Kwa hiyo Mzee Koleo alikuwa na amri moja kwa wanafunzi wake: waya haukatwi, hukunjwa. Kebo ikifika kwenye bodi, lile sanduku la swichi, na kubaki kipande, usithubutu kutia msumeno. Kikunje duara zuri, kifiche chini ya bodi, kifunike. Kesho mwenye jengo atataka kuhamisha mashine, na wewe utakuwa na urefu wa kuvuta. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, na mwanafunzi aliyekata alirudishwa kwao. Mikunjo yake ilikuwa inapendeza kweli, duara juu ya duara, utasema kikapu kilichosukwa. Mafundi wengine wakifungua shimo na kuikuta, walijua mkono wa nani umepita.

Sasa nije kiwandani. Kiwanda chetu kinashona sare za shule na za wauguzi, nami ni msimamizi wa chumba cha pasi. Kila nguo inayotoka inapita mikononi mwetu, na ikitoka na kikunyanzi lawama ni zangu. Chumba kilipopanuliwa na kuwekwa meza mpya za pasi za mvuke, kila meza na tangi lake la kuchemshia maji kwa umeme, kazi ya kuleta kebo kubwa kutoka chumba kikuu cha umeme ilimwangukia Mama Unene. Sikumpigia debe. Mjini hapa ukitaka kebo kubwa, utamtaka yeye.

Meneja wetu ni mtu mwema mwenye vidonda vya tumbo. Alitaka kebo ya milimita mraba hamsini, kwa sababu muuzaji alimwambia inatosha. Wifi akasema sabini. Wakavutana wiki nzima. Wifi alimweleza mzigo, akamweleza safari, akamweleza kwamba mferejini kuna kebo nyingine mbili za cherehani, kwa hiyo yake haitapumua vizuri. Meneja akameza dawa yake ya tumbo na kununua sabini. Ikavutwa na vijana sita wakiimba, ikafika kwenye bodi ya chumba changu, na kipande kikabaki, kirefu cha kutosha kuzunguka chumba cha kulala.

Wifi akafanya alivyofunzwa. Wakaikunja mizunguko kadhaa kwenye shimo lililochimbwa chini ya bodi, duara juu ya duara, wakiibana ikae, kwa maana kebo nene ina kiburi. Wakafunika mfuniko wa chuma wenye matundu mawili ya kuinulia. Mzee Koleo mwenyewe, aliyekwisha kustaafu, aliletwa kuitazama. Akainama, akaiona mikunjo kabla haijafunikwa, akasema, "Sasa naweza kufa." Wifi alifurahi siku ile mpaka akasahau kugusa ukuta.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Muda wote tulikuwa tunatumia nusu ya meza, maana oda hazikuwepo. Halafu ikaja oda kubwa, sare za shule nyingi kwa mpigo, na meneja akatangaza kwamba Jumatatu meza zote zitawashwa, asubuhi hadi jioni, bila kupumzika. Nikaajiri wapigaji pasi wapya. Wengi wao ni wasichana wadogo, mmoja mjamzito.

Jumapili nilikwenda kwa kaka kula mchana. Kaka ni mwalimu, na hupiga pasi mashati yake ya wiki nzima kwa siku moja, kazi ambayo siwezi kuitazama bila kumsahihisha. Nikamnyang'anya pasi. Soketi ya sebuleni ilikuwa mbali, akaniletea ile ekstensheni yao ndefu inayozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Nilivuta kipande cha kunitosha, waya uliobaki nikauacha kwenye gurudumu. Nani ana haja ya kuufungua wote utapakae sakafuni? Nikapiga shati la kwanza, la pili, la tatu, tukipiga soga.

Wifi alikuwa anakata kitunguu. Akasimamisha kisu.

"Nini kinanuka?"

"Kitunguu chako," nikasema. "Ni jua tu."

Hakucheka. Akaja sebuleni akinusa, akapiga magoti, akaweka nyuma ya mkono kwenye ule waya unaokuja kwenye pasi. Ulikuwa baridi. Akaupeleka mkono kwenye gurudumu, akautoa haraka. Akachomoa plagi. Kisha akajaribu kuuzungusha waya utoke, ukagoma. Mizunguko ya ndani ilikuwa imelainika na kushikana.

"Angalia, baba watoto, wifi yangu ameniunguzia ekstensheni," nilidhani atasema hivyo. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu. Lakini alibaki pale pale amepiga magoti, gurudumu mapajani, machozi ya kitunguu yakimtoka, na midomo inamchezacheza.

"Waya ni huo huo mmoja," akasema, na wala hakuwa akisema nami. "Huku baridi, huku moto. Umelala juu ya mwili wake mwenyewe."

"Mama watoto?" kaka akaita.

"Nilihesabu majirani. Nilihesabu kebo zile mbili za cherehani. Ile yenyewe sikuihesabu. Nimeilaza na nafsi yake, mzunguko juu ya mzunguko, shimoni, nimeifunika na chuma." Akanitazama. "Kesho mnawasha meza zote?"

Bodi ile iko hatua chache kutoka mezani kwangu. Kwenye chumba cha pasi kuna mlango mmoja, na njia ya kuufikia inapita mbele ya bodi.

Nikajaribu kumtuliza, nikajituliza na mimi. Nikasema kebo ya kiwanda si waya wa pasi ya nyumbani. Nikamkumbusha kwamba alichagua sabini badala ya hamsini. Akasema ndiyo, huenda unene ule ukatuokoa. Huenda. Hakuna jedwali linaloonyesha kebo iliyokunjwa vile shimoni, kwa hiyo hawezi kupiga hesabu akasema hatari au salama. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla: kutojua. Akampigia meneja simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Wali ukaletwa ukapoa, na safari hii hata mimi sikula.

Asubuhi ya Jumatatu tuliongozana hadi kiwandani, yeye na mfuko wake wa vifaa. Meneja alikuwa uani, malori mawili yanamsubiri, karatasi mkononi, mkono mwingine tumboni.

"Meneja, nahitaji unizimie chumba cha pasi," wifi akamwambia. "Nusu siku tu. Nifungue shimo, nikate kebo."

"Leo?" Meneja akacheka cheko la mgonjwa. "Fundi, si wewe uliyenisumbua wiki nzima ninunue nene? Nikanunua. Sasa nene nayo ina nini?"

"Kebo haina kosa. Kosa ni langu. Niliikunja."

"Mwaka mzima imekunjwa, imefanya nini?"

"Mwaka mzima ilibeba nusu ya mzigo."

"Una uhakika itaungua?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu mwingine angedanganya. Wifi akatafuna ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Sina uhakika," akasema.

Meneja akashusha pumzi. Si mtu mbaya, narudia. Akamweleza taratibu kwamba malori yakiondoka matupu oda inakwenda kiwanda kingine, na oda ikienda, wale niliowaajiri wiki iliyopita wanarudi nyumbani. Jumapili ijayo fundi afungue, akate, afanye apendavyo. Kisha akanigeukia. "Msimamizi, washa meza zako."

Nikawasha. Sikuwa na la kufanya, au nilijiambia hivyo. Meza zikaanza kuguna, mvuke ukapanda, wasichana wakaingia kazini wakichekeshana. Wifi akaruhusiwa kukaa, mradi asisumbue. Akaketi sakafuni kando ya bodi, magoti kifuani, nyuma ya mkono wake juu ya mfuniko wa chuma. Wapigaji pasi wakawa wanampita na vikapu vya nguo, mmoja akaniuliza kama yule mama anaumwa.

Ilikuwa asubuhi mbaya kuliko zote nilizofanya kazi. Kila nikigeuka nakutana na uso wake. Natazama shati, natazama uso. Chumba cha pasi kina joto lake, kina harufu yake, mvuke na pamba na sabuni, na siku ile kila harufu ilikuwa mpya puani mwangu. Mara nadhani nasikia plastiki. Mara nasema ni mimi. Nikamwendea.

"Vipi?"

"Una joto."

"Chumba kizima kina joto, wifi."

"Najua. Ndiyo maana sielewi." Akauondoa mkono, akaupuliza, akaurudisha. Ulikuwa umeshakuwa mwekundu, hausikii tena vizuri. "Niwekee wako. Mimi siuamini tena."

Nikainama kuweka mkono, na nikiwa pale chini niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona kila siku bila kukiona. Kwenye yale matundu mawili ya mfuniko kulikuwa na vumbi la pamba. Chumba cha nguo hakiishiwi nyuzi na vumbi. Mfagiaji wetu hulisukuma kwa ufagio kuelekea mlangoni, na njiani panapita matundu. Mwaka mzima. Nikaingiza kidole. Lilikuwa limejaa hadi juu, laini kama mto wa kulalia.

"Wifi," nikamwambia, "kebo yako imefunikwa blanketi."

Alichukua muda kidogo tu kuelewa, lakini mimi sikusubiri. Ningeweza kumwita meneja. Meneja angeuliza kama nina uhakika, nami ningesema sina. Nilimwangalia yule mjamzito kwenye meza ya mwisho, mbali kabisa na mlango, akitandaza kola. Nikasimama, nikashika mkono wa swichi kubwa ya bodi, nikaushusha.

Chumba kizima kikanyamaza. Mvuke ukatoa pumzi ya mwisho. "Tokeni nje," nikasema. "Acheni kila kitu, tokeni." Walitoka wakinung'unika.

Wifi alikwishakimbia chumba kikuu kuizima kebo yenyewe huko inakotoka, maana kuzima bodi yangu kunaondoa mzigo tu, umeme bado umo ndani ya kebo. Alirudi akiwa ameifunga swichi ya huko kwa kufuli, ufunguo mfukoni, meneja akimfuata nyuma, amebadilika rangi kwa hasira. Nilijua kazi yangu imekwisha. Nilianza hata kufikiria nitamwambia nini mama.

"Nani amezima?"

"Mimi," nikasema.

Wifi hakungoja tumalize. Akapima kwanza kwamba umeme haupo, akapima tena, kisha tukainua mfuniko, yeye tundu hili na mimi tundu lile. Pamba ya juu ilikuwa nyeupe. Akaifukua kwa fimbo ya mbao. Ya chini yake ilikuwa ya manjano, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Ya chini zaidi ilikuwa ya kahawia, na ilipoguswa ilivunjika. Ikapanda harufu ambayo meneja naye aliisikia, kwa sababu alirudi nyuma.

Mikunjo ilikuwa bado inapendeza, duara juu ya duara. Ila ilikuwa imeshikana. Ganda la kila mzunguko lilikuwa limelainika na kuchukua chapa ya mwenzake. Wifi alipojaribu kuitenganisha ilitoka na sauti ya gundi.

Meneja alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu. Halafu akatazama mlango. Nadhani alikuwa anapima kama nilivyopima mimi, kutoka meza ya mwisho hadi hapa. Akatoa vidonge vyake, akaona havina maana, akavirudisha mfukoni.

"Kata, fundi," akasema.

Hapo wifi akaanza kulia. Alishika msumeno wa chuma akauweka kwenye kebo, akauinua, akauweka tena. Hakuwa amewahi kukata kebo nzima maishani mwake. Nilimshikia kebo kwa mikono miwili, nikamwambia akate, akaniambia siwezi kujua inavyouma kukata, nikamwambia najua, kata. Akakata. Alitoa mikunjo yote, kebo iliyobaki ikaenda moja kwa moja hadi kwenye bodi, akaifunga, akaipima na mashine yake, akaipima tena kwa sababu ni yeye. Shimo likasafishwa, mfuniko ukabadilishwa usio na matundu. Mchana ulipogeuka meza zote zilikuwa zimewashwa tena, na lori la kwanza liliondoka limechelewa lakini limejaa. Kazi yangu haikuguswa, wala haikuzungumzwa.

Nilidhani yameisha. Nilipotoka nikamkuta ananisubiri getini na kipande cha ile kebo, kile chenye chapa, kimefungwa kwenye gazeti.

"Nisindikize kwa mwalimu," akasema.

"Utamuua mzee wa watu."

"Nisindikize, wifi."

Mzee Koleo alikuwa barazani kwake, viatu kando, redio iliyofunguliwa tumbo mapajani. Alifurahi kutuona. Tukaamkia, akatutania, akaniuliza lini nitaolewa tena, nikamjibu akipona magoti. Wifi akafungua gazeti, akamwekea kipande mikononi bila kusema.

Akakipapasa. Macho yake si mazuri tena, lakini vidole vile havikuhitaji macho. Vikapita kwenye chapa, vikaenda, vikarudi. Tabasamu lilibaki usoni mwake muda kidogo, kama mtu aliyesahau kulitoa.

"Ya kiwandani?"

"Ndiyo, mwalimu. Leo waliwasha zote."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

Akakigeuza kile kipande. Nilitegemea atajitetea, maana wazee wanajua kujitetea. "Akiba haiozi," akasema mwisho.

"Haikuoza, mwalimu. Imeungua."

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ulitufundisha wakati ule waya haupatikani. Na majengo yalikuwa na taa tu, mwalimu, na redio."

"Na sasa yana nini?" Alimuuliza kwa sauti ndogo, lakini jibu alikuwa nalo. Niliona linavyomwingia. Akageuza uso kuelekea mjini, na midomo ikaanza kwenda bila sauti, akipita jengo baada ya jengo, miaka yote ile ya kukunja. Kisha akasema kwa nguvu, "Kliniki ya wazazi."

"Wapi pale, mwalimu?"

"Chini ya ngazi. Kabatini. Niliikunja mikunjo mizuri." Akashika kichwa. "Wakati ule ilikuwa ya taa na jiko dogo. Siku hizi wana mashine gani?"

"Za kutia joto watoto," wifi akasema. "Na mashine za kufulia. Na za hewa."

Mzee akaanza kutafuta viatu vyake. Alivipata, ila kamba zilimshinda, vidole vilivyokuwa vikisuka kebo havikuweza kufunga fundo. Wifi akapiga magoti akamfunga, kiatu cha kushoto, cha kulia.

Kliniki haiko mbali. Tulikwenda mwendo wa mzee, wifi akitamani kukimbia na kujizuia, mfuko wa vifaa begani mwake. Wifi akamwendea muuguzi mkuu kumweleza, na nikamsikia akianza kama alivyomwanzia meneja: kosa si lenu, ni letu. Mzee Koleo akaketishwa kwenye benchi miongoni mwa akina mama wenye matumbo. Mimi nikaenda kwenye ngazi kutafuta kabati, nikalipata, limezibwa kwa ubao na kupakwa rangi ya ukuta. Juu, ghorofani, mtoto mchanga alikuwa analia.

Nikaweka nyuma ya mkono wangu kwenye ubao. Ulikuwa una joto.

Nikageuka haraka kulitafuta jua. Nilitaka sana liwe pale. Lilikuwa upande wa pili wa jengo, na huku nilikosimama palikuwa kivulini tangu mchana.

"Wifi," nikaita. "Njoo. Njoo na msumeno."